Mkondo wa Mto na Mkondo wa Mota: Istilahi Mbili za Roboti

Makala haya yanachunguza istilahi mbili, mkondo na kikomo, jinsi zitumikavyo kijana anapofundishwa kuiandaa roboti ya mashindano. Huenda msomaji akauliza mwanafunzi wa fasihi ana lipi na mota. Ana hili: istilahi ikikosewa hapa, hasara haiishii kwenye karatasi ya mtihani, mota huungua. Wala teknolojia si ngeni pande za Mambrui. Setilaiti ya Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya mji huo. Jina la Kiswahili tulilipata. Istilahi tungali tunazitafuta.

Mkondo ni neno teule. Mtoto wa Mambrui hahitaji kufafanuliwa, kwani kusini ya mji wake mto Sabaki huingia baharini. Anajua kuwa maji yakijaa, bahari huuzuia mto. Yakipwa, mto hutoka kwa nguvu. Mota nayo ina tabia hiyo. Inapozunguka huzalisha volti yake yenyewe inayoikabili ile ya betri, na mkondo hupungua. Ikizuiwa isizunguke, tuseme roboti imegota ukutani au inasukumana na nyingine, upinzani huo hutoweka na mkondo hufurika. Mota ya CIM, iliyotumiwa sana katika mashindano ya FIRST ya Marekani, huchukua takriban ampea 2.7 kwa volti 12 ikizunguka bila mzigo. Ikikwama, huchukua takriban ampea 131. Joto lake hapo hufikia wati 1,570, sawa na la pasi ya umeme iliyofungiwa ndani ya mkebe.

Ndipo linapokuja neno kikomo. Asili yake ni koma, na mwanafunzi hudhani kuwa mkondo ukifika hapo umeme utakatika, kama ifanyavyo fyuzi. Sivyo. Kidhibiti cha mota huuacha mkondo upite, ila huuzuia usipande zaidi. Kwa maoni yangu kima cha juu kingefaa zaidi. Wasemaji wamezoea kusikia kima cha maji na kima cha chini cha mshahara, wala hakuna anayedhani kwamba mshahara hukatika ukifikia kima.

Tatizo kubwa zaidi ni kwamba mkondo wenyewe ni miwili. Kidhibiti hukata na kurejesha umeme wa betri maelfu ya mara kwa sekunde, hivyo ampea zitokazo kwenye betri huweza kuwa chache kuliko zile zipitazo ndani ya mota. Mwalimu akisema tu "weka mkondo ampea 40", amesema mambo mawili. Mwanafunzi akiziweka upande wa betri, mota ya CIM iliyokwama itapitisha takriban ampea 72 na kutoa joto la wati 480. Akiziweka upande wa mota, joto litakuwa takriban wati 147. Agizo ni lile lile, joto limezidi mara tatu! Kwa hiyo pasisemwe mkondo pekee. Isemwe mkondo wa betri au mkondo wa mota.

Istilahi zikishatengana, kazi yenyewe si ngumu. Kima cha mkondo wa mota hutafutwa kwa kuiegemeza roboti ukutani na kuongeza ampea kidogo kidogo hadi magurudumu yaanze kuteleza. Huteuliwa kiasi kilicho chini kidogo ya hapo, maadamu mota inakihimili, kwa sababu ampea za ziada hula mpira wa gurudumu bila kuongeza msukumo. Kima cha mkondo wa betri huangaliwa kwa jumla ya mota zote, ili volti isishuke kiasi cha kuizima kompyuta ya roboti katikati ya mchezo.