Dondoo muhimu: Kabla hujaitwa kwenye usaili

Simu itie mfukoni. Ukiiinamia pale kwenye benchi la kusubiri, shingo inapinda, mabega yanajikunja, kifua kinabanwa. Jina likitajwa unaingia ukijiona mdogo kuliko ulivyotoka nyumbani. Afadhali bahasha ya vyeti uilaze mapajani, nyayo zote mbili zikanyage sakafu, ushushe pumzi taratibu.

Ushauri wa kusimama mikono kiunoni ili ujiamini uchukue kwa tahadhari. Mwaka 2010 watafiti Dana Carney, Amy Cuddy na Andy Yap waliandika, baada ya jaribio, kwamba dakika chache tu za mikao ya kujitanua hubadilisha hata homoni. Mwaka 2015 Eva Ranehill na wenzake wakalirudia jaribio hilo kwa watu 200: homoni hazikutikisika, ila waliojitanua walisema wamejihisi na nguvu zaidi. Mwaka uliofuata Carney mwenyewe akalikana dai lile. Basi ukitaka jitanue, lakini chooni, mlango umeufunga. Mbele ya jopo, hasa likiwa na watu wazima, mikono kiunoni ni ujuvi tu.

Vidole vikianza kuchezacheza, vipe kalamu vishike.