Majani Kabla ya Mvua

Soma Zaburi 63:1–8 na Marko 1:32–37. Daudi alikuwa mahali gani alipoomba sala hii? Mahali pale palihusianaje na kiu ya nafsi yake?

Washiriki wa Misunkumilo, mjini Mpanda, hawahitaji kuelezwa nchi kavu ni nini. Wakati wa kiangazi Mto Katuma, unaopita katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi, hupungua hata viboko wakabanana kwa mamia katika madimbwi ya tope. Mwenye kutazama angesema uhai umekwisha.

Lakini Septemba na Oktoba, kabla ya mvua ya kwanza, miombo huchipua majani mapya, mengi yakiwa mekundu. Maji yametoka wapi? Mizizi imeshuka chini sana, na shina limetunza akiba.

Wako waumini walioacha kusali kwa kuwa hawasikii tena chochote moyoni. Daudi hakungoja hivyo. Alisali akiwa mkavu. Naye Yesu, baada ya jioni iliyojaa wagonjwa, aliondoka alfajiri akaenda mahali pasipo watu, ingawa wengi walikuwa wakimtafuta.

Msitu si Mungu, wala matembezi ya Sabato alasiri hayachukui nafasi ya Neno. Yanatupa utulivu wa kumsikiliza Muumbaji (na simu ibaki nyumbani). Asiyeweza kufika Katavi, mti mmoja nyuma ya nyumba unamtosha.

Ni sala gani umeisitisha, ukingoja kwanza mvua inyeshe?