Mtaalamu wa Historia Aliyesafiri Sotik

Watu wengi humfahamu Theodore Roosevelt kuwa alikuwa Rais wa Marekani tangu 1901 hata 1909. Wachache hujua kwamba alikuwa pia mwandishi wa historia. Mwaka 1882, alipokuwa kijana wa miaka 23, alitoa kitabu juu ya vita vya manowari vya 1812 baina ya Marekani na Uingereza. Baadaye aliandika vitabu vinne juu ya wahamiaji walioingia upande wa magharibi wa Marekani.

Urais ulipokwisha, alishuka Mombasa mwezi wa Aprili 1909 pamoja na mwanawe Kermit na wataalamu watatu wa viumbe. Safari ilifanywa kwa ajili ya Smithsonian, taasisi ya elimu na makumbusho ya Washington, ili kukusanya wanyama na ndege. Mwezi wa Juni waliondoka Kijabe na magari ya kukokotwa na ng'ombe, wakavuka nchi kame kuelekea Sotik. Wakati ule jina hilo lilienea hata nyanda zilizo sasa upande wa Narok.

Mchana Roosevelt aliwinda. Jioni aliketi kambini akaandika kwa kalamu ya risasi mambo aliyoyaona. Makala zake zilichukuliwa na matarishi, kisha zikasafiri kwa meli hata gazeti la Scribner's, New York. Kitabu kilitoka 1910, pamoja na picha alizopiga Kermit. Kilipendwa kwa kuwa habari zake ziliandikwa kabla hazijapoa.

Lakini msomaji mwangalifu na aulize pia yaliyoachwa. Bakari, mchukuzi wa bunduki, ametajwa kwa jina. Wapagazi wengi waliobeba mizigo hawakutajwa. Tena mwaka 1905, miaka minne tu kabla ya safari hiyo, serikali ilipeleka askari kuwapiga watu wa Sotik, ikatwaa ng'ombe wao. Habari kama hizo mgeni hazipati kwa kupita njiani; hukaa vifuani mwa wazee.

Mwaka 1979 Taaitta Toweett, mzaliwa wa nchi ya Wakipsigis, alitoa kitabu cha historia ya watu wake kilichotokana na masimulizi. Basi aliye na babu au nyanya anayekumbuka ya kale na amwulize leo, na kabla hajalala aandike majina, mahali na miaka. Wala asiwasahau waliobeba mizigo.