Mikia ya Maneno ya Kilatini na Faida ya Kuijua

Mfugaji wa Bomet aingiapo katika duka la dawa za mifugo na kusema kwamba ng'ombe wake ana ndigana, hajasema neno la kutosha. Ndigana ni mbili. Ndigana kali huletwa na kijidudu kiitwacho Theileria parva, na dawa yake ni buparvakwoni. Ndigana baridi huletwa na Anaplasma marginale, na hutibiwa kwa oksitetrasaiklini. Mtu ampaye ng'ombe mwenye ndigana kali dawa ya ndigana baridi peke yake hupoteza fedha, na huenda akapoteza ng'ombe pia. Ndiyo sababu wataalamu hushika majina ya Kilatini. Jina hilo ni lile lile Bomet, Kampala na London, wala halichanganyiki na jingine.

Watu wengi huyaogopa majina hayo kwa urefu wake. Lakini mtu ajuaye Kiswahili amekwisha kupata nusu ya somo hili bila kujua.

JINA LENYE SEHEMU MBILI

Desturi ya kuyapa mimea majina mawili mawili ilithibitishwa na mtaalamu wa Uswidi, Carl Linnaeus, katika kitabu chake cha mwaka 1753. Kwa wanyama ilifuata mwaka 1758. Jina la kwanza ni kama jina la ukoo, nalo huanza kwa herufi kubwa. Jina la pili hueleza ni nani katika ukoo huo, nalo huandikwa kwa herufi ndogo. Katika kitabu majina yote mawili huchapwa kwa herufi za kulala. Mwanafunzi aandikaye kwa mkono hana budi kuyapigia mstari chini, kila moja mstari wake.

NGELI MBELE, NGELI NYUMA

Mswahili husema mtoto mdogo, kiti kidogo, gari dogo. Neno la sifa hubadilika kwa kulifuata jina, na mabadiliko yake huwa mwanzoni. Katika Kilatini mambo ni hayo hayo, ila mabadiliko huwa mwishoni. Wakipsigis hawatashangaa, kwa maana katika lugha yao mtoto ni lakwet na watoto ni lagok. Mkia ndio uliogeuka.

Kilatini kina jinsia tatu: ya kiume, ya kike, na ile isiyo ya kiume wala ya kike. Mara nyingi mikia yake ni -us, -a na -um. Tazama zafarani, mpunga na kitunguu saumu. Majina yake ni Crocus sativus, Oryza sativa na Allium sativum. Neno la pili ni moja katika yote matatu, maana yake "kilichopandwa na watu", lakini kila mara limevaa vazi la jirani yake.

Zizini ni vivyo hivyo. Theileria ni jina la kike, lililofanywa kutokana na jina la Arnold Theiler, daktari mashuhuri wa mifugo wa Afrika Kusini. Kwa hiyo neno "-dogo" limekuwa parva. Lakini kijidudu kimoja kiwaharishacho ndama huitwa Cryptosporidium parvum. Udogo ni ule ule, mkia ni mwingine. Naye kupe aenezaye ndigana kali ni Rhipicephalus appendiculatus, mikia miwili ya kiume.

Yafaa kuangalia, maana mkia waweza kudanganya. Anaplasma huishia kwa -a, lakini asili yake ni Kiyunani, na si jina la kike. Ndiyo maana hufuatwa na marginale, si marginalis. Maana yake ni "-a pembezoni", kwa kuwa katika hadubini kijidudu hicho huonekana ukingoni mwa chembe nyekundu ya damu. Ajuaye neno la Kiingereza "margin", yaani ukingo wa ukurasa, ameshika mzizi huo huo.

Miti nayo ina sheria yake. Warumi waliihesabu miti mingi kuwa ya kike, hata ikiwa jina lake laishia kwa -us. Hivyo mtarakwa ni Juniperus procera, na mkaratusi mmojawapo ni Eucalyptus saligna. Aandikaye Juniperus procerus amekosea, kama asemaye "mti kirefu".

MIKIA YA MAHALI NA YA WATU

Mkia -ensis maana yake "-a mahali fulani". Majani ya chai yachumwayo Kericho na Bomet ni Camellia sinensis, yaani "ya China". Jina Camellia lilitolewa kwa heshima ya mmisionari Georg Joseph Kamel, aliyechunguza mimea ya visiwa vya Filipino. Aina ya chai yenye majani mapana huongezewa neno assamica, yaani "ya Assam", jimbo la India.

Si lazima neno la mahali liwe la Ulaya au la Asia. Mwaka 2001 mifupa ya kale iliyofukuliwa katika vilima vya Tugen, Baringo, yenye umri wa miaka kama milioni 6, ilipewa jina Orrorin tugenensis. Jina la kwanza lilitolewa katika lugha ya Watugen, ndugu za Wakipsigis. La pili ni jina la Watugen wenyewe likiwa na mkia wa Kirumi.

Mkia -i au -ii huonyesha jina la mtu mwanamume. Mti wa miwati ni Acacia mearnsii, "wa Mearns". Edgar Mearns alikuwa daktari wa jeshi la Marekani. Mti huo asili yake ni Australia, lakini tawi lililotumiwa kuupa jina alilichuma Afrika Mashariki.

MIKIA HII KATIKA KIINGEREZA

Kiingereza kilirithi mikia mingi. Kutoka -ensis kilipata "-ese", kama katika "Chinese". Kutoka -osus kilipata "-ous", kama katika "famous". Baadhi ya maneno yameshika hata wingi wa Kilatini: "bacterium" moja, "bacteria" nyingi, "fungus" moja, "fungi" nyingi, "larva" mmoja, "larvae" wengi. Kusema "a bacteria" ni kama kusema "kitu vimoja".

Lakini si kila -us hugeuka kuwa -i. "Virus", ambalo kwa Kilatini ni sumu, wingi wake katika Kiingereza ni "viruses". Neno hili lajulikana sana Longisa, Bomet, ambako mwezi wa Septemba 2011 uligunduliwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya ugonjwa wa kuangamiza mahindi, uletwao na virusi vya aina mbili vikishirikiana.

Nalo "omnibus" maana yake ni "kwa ajili ya wote". -Bus ni mkia tu. Waingereza walikata kiwiliwili wakabaki na mkia, "bus", na Waswahili wakaupokea kuwa "basi". Kwa hiyo apandaye basi kutoka Bomet kwenda Kericho amepanda mkia wa neno la Kilatini.

ZOEZI

1. Kwa nini kahawa huitwa Coffea arabica, si arabicum?
2. Kiazi ni Solanum tuberosum. Ni jinsia gani?
3. Wingi wa "nucleus" ni nini?

Majibu: 1. Coffea ni jina la kike. 2. Isiyo ya kiume wala ya kike. 3. "Nuclei".