Jinsi ya kutafuta kani za gari kwenye mteremko uliopinda

Mwanafunzi akiona neno “mteremko” kwenye swali la fizikia, mkono hukimbilia kuandika kwamba kani inayolibeba gari ni uzito mara kosaini ya pembe. Kwenye mteremko ulionyooka ni sahihi. Barabara ikipinda kama mgongo wa kilima, au ikibonyea kama bonde, si sahihi tena.

Anza na mchoro. Chora gari kama nukta, kisha weka kani zenye chanzo halisi tu: dunia inalivuta wima kwenda chini, barabara inalisukuma kwa pembe mraba na uso wake, na msuguano wa matairi unaufuata uso huo. Upepo tuuache kwanza. Usiongeze mshale wa “kani kitovu”. Hiyo ni jumla tu ya kani zinazoelekea kitovu cha duara. Ukiichora pamoja na hizo nyingine, umeihesabu mara mbili.

Sasa chagua mihimili, na hapa ndipo swali hushindwa au hurahisika. Achana na wima na mlalo. Mhimili mmoja uelekee kitovu cha mpindo, mwingine ufuate barabara. Kwenye ule wa kwanza gari linabadili uelekeo tu. Kwenye wa pili linabadili mwendokasi tu. Kwa hiyo kila mlinganyo unashughulikia jambo moja.

Chukua gari la kilo 1,200 likishuka mgongo wa kilima wenye nusu kipenyo cha mita 50, kwa mwendo usiobadilika wa mita 15 kwa sekunde, yaani kilomita 54 kwa saa. Limefika mahali ambapo barabara imeinama nyuzi 20. Uzito wake ni nyutoni 12,000, tukichukua g kuwa 10. Sehemu ya uzito inayoelekea kitovu ni takriban 11,280. Ili gari liufuate mpindo zinahitajika nyutoni 5,400: tungamo mara mraba wa mwendokasi, gawanya kwa nusu kipenyo. Kitovu kiko chini ya barabara, kwa hiyo barabara inabeba 11,280 kutoa 5,400, yaani 5,880 tu. Ingekuwa bonde, kitovu kingekuwa juu, nawe ungejumlisha: 16,680.

Kwenye mhimili wa pili, uzito unalisukuma gari mbele kwa nyutoni 4,100 hivi, na breki lazima zirudishe kiasi hichohicho. Je, matairi yanaweza? Kadirio la mgawo wa msuguano kwenye lami iliyoloa likiwa 0.4, msuguano wa juu kabisa ni 0.4 mara 5,880, sawa na 2,350. Hautoshi, gari litaongeza kasi hata ukanyage breki vipi. Kwenye mteremko ulionyooka wa nyuzi zilezile ungepata 4,510, na gari lingetii. Tofauti yote hiyo imeletwa na mpindo.

Kila ukipata jibu, hakikisha kani ya barabara haijawa hasi. Ikiwa hasi, gari limeshaachana na lami na milinganyo yako haifai tena. Kileleni pa kilima hiki hilo hutokea mwendo ukizidi takriban kilomita 80 kwa saa.

Na siku utakayoshika usukani, punguza mwendo kabla ya kufika kileleni, si baada ya kukipita.