Tusiondoke Nyumbani kwa Kumtoroka Mtoto

Zamani Wanyamwezi wengi walikuwa wapagazi. Walibeba pembe za ndovu kutoka Tabora mpaka Bagamoyo, wakakaa safarini miezi mingi. Baba aliondoka mtoto anatambaa, akarudi mtoto anakimbia. Tena anamkimbia yeye!

Misafara ile imekwisha, lakini safari hazikwisha. Wengine huenda porini kurina asali, wengine kwenye mashamba ya tumbaku.

Kwa nini mtoto hulia? Akifika miezi 8 hivi, mtoto huwatambua watu wake na kuwaogopa wageni. Huo si ukaidi. Moyo wake umeshikamana na anayemlea. Basi tukimtoroka kimya kimya, anajifunza kwamba watu wake hupotea bila habari. Kesho hatatubanduka, hata tukienda kisimani tu.

Tufanye nini?

1. Tumuage, hata kama atalia.
2. Tumwache kwa mtu aliyemzoea, kama vile bibi yake.
3. Akilia tumpakate. Tusimtishe kwa fisi.
4. Baba akirudi asimkamate kwa nguvu. Akae karibu, mtoto atakuja mwenyewe.

Desemba 2021 Serikali ilizindua programu ya taifa ya malezi na makuzi ya watoto mpaka miaka 8. Lakini malezi huanzia nyumbani kwetu.

Maswali ya kujadiliana
1. Kwa nini mtoto humkimbia baba aliyetoka safari?
2. Je, wewe humwagaje mtoto wako?