Kabla Hujahamisha Daftari la Duka Kwenye Kompyuta

Anayekuuzia programu ya hesabu usianze kumuuliza bei. Muulize hivi: siku nikikuacha, naondoka na hesabu zangu zote?

Waliotutangulia yaliwakuta. Programu ya Microsoft Money ilitoka mwaka 1991, na 2009 ikaacha kuuzwa. Baadaye kampuni ilitoa toleo la kuagia ili watu waendelee kufungua mafaili yao; wakaliita Sunset, yaani machweo. Mint, iliyopendwa sana Marekani kwa bajeti za nyumbani, ilinunuliwa na kampuni ya Intuit mwaka huohuo wa 2009, ikafungwa 2024. Kwa hiyo hakikisha programu inatoa miamala yako yote kwa faili la CSV, linalofunguka kwenye Excel. Usikubali ahadi, mwambie muuzaji akuoneshe hapohapo.

Swali la pili ni kiasi gani cha uhasibu unachotaka kukiona. Intuit ilianza 1983 na Quicken, programu ya matumizi ya nyumbani. Ikagundua kuwa wenye biashara ndogo nao wanaitumia, maana mambo ya debiti na krediti yaliwachosha. Ndipo ikaja QuickBooks, mwaka 1992: wewe unajaza ankara, uhasibu unafanyika nyuma ya pazia. GnuCash, ambayo ni ya bure na haihitaji intaneti kila saa, haina pazia hilo. Wengi huikimbia siku ya kwanza. Mimi naona wanakosea.

Tuseme umechota 30,000 kwenye droo ya mauzo, ukatoa mchango wa harusi. Kwenye daftari la kawaida, jioni unaona tu hela haitoshi, na kijana wa dukani anaanza kutazamwa vibaya. Kwenye GnuCash fedha taslimu inapungua 30,000, na akaunti uliyoipa jina “matumizi ya mwenye duka” inapanda 30,000. Bila upande wa pili, muamala haujakamilika. Mwisho wa mwezi utamjua mla mtaji, na huenda ni wewe.

Jaribu mwezi mmoja huku daftari la karatasi likiendelea, na nakala ya faili uiweke kwenye flashi inayolala nyumbani. Kila jioni hesabu droo kwa mkono, ulinganishe na kompyuta. Zikitofautiana, itafute tofauti usiku huohuo, kabla mteja wa asubuhi hajaja na noti ya elfu kumi akitaka chenji.